Kanivo ya mita 400: zabuni ya komini inaanzia wapi

Swali: "Mimi ni sekreta katika ofisi ya komini moja hapa Lubumbashi. Tumepata makuta ya sehemu yetu ya ushuru wa madini, na koleji ya komini, yaani burgumestre (mkuu wa komini) na wasaidizi wake, imekubali tujenge kanivo, mtaro wa kupitisha maji, ya mita 400 kando ya barabara moja ambako kila mvua maji yanaingia majumbani. Mjenzi mmoja amekwisha kuja kupima. Wakubwa wanasema tugawe kazi vipande vinne vya mita 100, ili tupite kwa proforma tatu tu (karatasi za bei kutoka kwa wajenzi watatu), maana zabuni kamili itachelewa na mvua itatukuta. Mimi ndiye nimepewa kuandaa dosie. Nianzie wapi, na je, njia hiyo ya vipande vinne ni salama?"

Ndugu sekreta, nianze na hivyo vipande vinne, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kwako wewe mwenyewe. Si salama, na wala havitakuokolea muda. Barabara ni moja, maji ni yale yale, makuta yanatoka katika mstari mmoja wa bajeti, na kazi yote inafanyika ndani ya mwaka mmoja. Mkaguzi wa IGF (Ukaguzi Mkuu wa Fedha) au wa Mahakama ya Hesabu hahitaji hata kufika barabarani. Anaziweka barua nne za kuagiza kazi mezani, anajumlisha, anatazama kiwango kilichowekwa na amri, na jibu analo. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu mikataba ya umma inaibana komini kama inavyolibana jimbo na wizara, nayo inakataza kukatakata kazi kwa nia ya kukwepa ushindani. Siku hiyo ikifika, saini inayosomwa ni ya aliyeandaa karatasi. Aliyesema kwa mdomo "fanyeni hivyo" hana alama yoyote ndani ya dosie.

Kugawa kwa halali kupo, lakini ni kitu kingine. Unatoa tangazo moja na daftari moja la zabuni, na ndani yake unaweka mafungu. Mjenzi anaomba fungu moja au yote, ila kiwango kinachoamua utaratibu kinahesabiwa kwa jumla ya mafungu yote. Faida yake ni kwamba mjenzi mdogo wa Katuba au wa Ruashi, asiye na mtaji wa kubeba kazi nzima, naye anapata nafasi. Hata hivyo kwa mita 400 nisingezidisha mafungu mawili. Kila mahali ambapo kazi ya mjenzi mmoja inakutana na ya mwingine ndipo vimo vya sakafu vinapopishana; sentimita tano tu zikitofautiana, maji yanasimama, taka zinajaa, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Ukigawa, fungu la upande wa chini, kule maji yanakoishia, lianze kwanza.

Kuhusu "mvua itatukuta": makubaliano ya moja kwa moja na mjenzi mmoja, bila ushindani, yanaruhusiwa katika hali chache sana, na kwa idhini ya awali ya chombo cha udhibiti, yaani DGCMP au idara yake ya jimbo. Haraka inayokubalika ni ile isiyoweza kutabirika. Daraja likibebwa na maji usiku mmoja, hiyo ni haraka. Mvua za Lubumbashi zinaanza kuelekea Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, kila mwaka, tangu babu zetu. Hakuna barua itakayoweza kuiita mvua hiyo jambo la ghafla. Kinachowezekana ni kuihesabu kuanzia nyuma, na hesabu yenyewe si ngumu.

Kanivo ya zege inajengwa katika kiangazi, Mei hadi Septemba. Ili mjenzi aanze kuchimba Juni, mkataba uwe umesainiwa, umeidhinishwa na kuarifiwa kabla ya mwisho wa Mei. Kabla ya saini kuna uchambuzi wa ofa na maoni ya udhibiti: mwezi mmoja, ukiwa na bahati. Kabla yake kuna muda wa kutangaza, ambao kwa zabuni ya kitaifa usipungue siku 30 za kalenda. Kabla ya tangazo kuna kuandika daftari na kulipitisha: wiki tatu hadi nne. Ukirudi nyuma hivyo unafika Februari, na kwa usalama Januari. Komini nyingi zinaanza kuwaza kanivo Agosti, vumbi likiwa bado linapaa, zinatangaza Septemba, zinasaini Novemba, mjenzi anachimba mtaro katika tope na kuta zinaanguka kabla ya zege kumwagwa. Kisha inasemekana utaratibu ndio ulioharibu kazi. Ikiwa kwenu tarehe za mwaka huu zimekwisha kupita, tumieni mvua hizi kuandaa dosie vizuri, muangalie maji yanapita wapi hasa na yanafika kimo gani, na mtangaze Januari. Ni miezi michache ya subira kwa kanivo itakayodumu miaka.

Sasa unaanzia wapi? Unaanzia kwenye bajeti, kabla ya zabuni. Komini ni entite ya madaraka yaliyogatuliwa, kwa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na kwa sheria ya kikaboni namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Ina makuta yake na ina haki ya kusaini mkataba kwa jina lake. Ushuru wa madini unagawanywa na sheria ya madini kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entite ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makuta hayo yakiingia katika akaunti ya komini bado hayajawa ruhusa ya kutumia. Ni lazima yaonekane kama mapato katika bajeti, na kanivo ionekane kama matumizi, kwa jina lake na kwa kiasi chake. Kama ushuru umeingia zaidi ya ulivyotarajiwa, bajeti inarekebishwa kwanza.

Hapo ndipo baraza la komini linapokuwa na kazi yake, na ni vizuri kuielewa bila kuchanganya mambo. Washauri wa komini, wale waliochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023 katika uchaguzi wa kwanza wa ngazi hiyo chini ya Katiba hii, wanajadili na kupitisha bajeti, na baadaye wanauliza kazi imefikia wapi. Hawamchagui mjenzi. Mshauri anayeketi mezani wakati ofa zinachambuliwa amejinyima nguvu ya kuuliza maswali kesho, kwa kuwa atakuwa anajiuliza mwenyewe. Na pale ambapo baraza bado halijaketi, msichukue ukimya wake kama idhini. Uamuzi wa koleji uandikwe, upelekwe kwa gavana kwa udhibiti wake wa kisheria, kwani kazi zinazoifunga komini kwa watu wa nje zinapita kwake kabla ya kutekelezwa, na mbaki na nakala yenye kashe (muhuri) ya kupokelewa na tarehe. Nakala isiyo na kashe ya mpokeaji haithibitishi chochote.

Pamoja na bajeti kuna mpango wa mwaka wa mikataba, ule wanaouita PPM. Ni jedwali la ukurasa mmoja au miwili: kazi gani, aina gani ya utaratibu, makadirio, chanzo cha makuta, tarehe ya tangazo, tarehe ya saini. Mkataba usiokuwa katika mpango huo una kasoro tangu kuzaliwa. Ndiyo karatasi ya kwanza ambayo udhibiti utaiomba, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Baada ya hapo ndipo kazi halisi, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu zabuni nyingi za komini zinakufa katika devi, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, kabla hazijatangazwa. Devi ikiandikwa "ujenzi wa kanivo, mita 400, kiasi kwa jumla", kila mjenzi ataelewa kanivo yake. Mmoja atawaza kuta za sentimita 10, mwingine za 20. Mmoja atahesabu kubeba udongo, mwingine atauacha mbele ya milango ya watu. Mtapokea bei tano ambazo haziwezi kulinganishwa, na atakayeshinda ni yule aliyewaza kanivo dhaifu kuliko wote. Devi ya komini lazima iseme kipande kwa kipande, kwa vipimo.

Tuchukue mfano wa kawaida: uwazi wa ndani sentimita 60 kwa 60, kuta na sakafu sentimita 15, chini yake zege jepesi la usafi sentimita 5. Upana wa nje unakuwa sentimita 90 na kimo cha nje 75. Zege la kila mita ni 0.90 mara 0.75, ukitoa uwazi wa 0.36, yaani mita za ujazo 0.315. Kwa mita 400 ni mita za ujazo 126. Kwa kipimo cha kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo, ambacho ni mifuko 7 ya kilo 50, hiyo ni mifuko 882, pamoja na mchanga karibu mita za ujazo 50 na kokoto karibu 101. Zege la usafi ni mita za ujazo 18, kwa kilo 150, mifuko 54.

Mtaro ukichimbwa kwa upana wa mita 1.10 na kina cha sentimita 80, unatoa mita za ujazo 352. Ukirudisha udongo pembeni mwa kuta, 64, zinabaki 288 za kubeba. Lakini udongo ukichimbwa unavimba. Kwa robo zaidi ni mita za ujazo 360, yaani safari 36 za lori la mita 10. Mstari huu ukikosekana katika devi, udongo utabaki barabarani, na mvua ya kwanza itaurudisha ndani ya kanivo mpya.

Kofraji, yaani mbao za kushikilia zege mpaka likauke, nayo inasahaulika: pande mbili za ndani na mbili za nje ni mita za mraba 2.70 kwa kila mita, jumla 1,080. Mbao zinaweza kutumika tena mara kadhaa, ila malipo ni ya uso uliofanywa. Kisha kuna mabamba ya kupitia watu. Tembeeni barabarani muhesabu milango ya malupango (viwanja vya nyumba), mmoja mmoja, kwa majina ya avenyu na namba. Ikiwa ni milango 30, kila mmoja mita 3, ni mita 90 za bamba la upana wa sentimita 90 na unene wa 15: mita za ujazo 12.15 za zege lenye chuma, mifuko 85 mingine. Bamba la kupitisha gari si sawa na la kupitisha miguu, kwa hiyo mhandisi aamue chuma chake, na vilevile kama kuta zenyewe zinahitaji chuma upande magari yanakopita karibu. Mifuko yote kwa jumla inafika 1,021. Namba hiyo moja inakupa kipimo cha kumkagua mjenzi yeyote.

Mteremko uandikwe. Nusu ya asilimia kwa mita 400 ni kushuka mita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama barabara yenu ni tambarare na haishuki kiasi hicho, mwisho wa kanivo utalazimika kuwa na kina kirefu zaidi, na hesabu yote hapo juu inabadilika. Na maji yaishie wapi? Devi isipotaja kanivo kubwa au mto wa kupokea, iwe Naviundu, mto Lubumbashi au Kafubu, mtakuwa mmehamisha mafuriko kutoka nyumba za juu kwenda za chini, na wakaaji wa chini watakuja ofisini wakiwa na haki yao. Ofisi ya barabara na mifereji, OVD, ishirikishwe mapema kwa sababu hiyo. REGIDESO ya maji na SNEL ya umeme nazo ziandikiwe zioneshe mabomba na kebo zinapopita. Pembezoni mwa barabara zetu ndipo vilipolazwa. Wekeni katika devi mstari wa kuhamisha bomba, kwa kiasi cha tahadhari kinacholipwa pale tu kazi ikifanyika.

Huyo mjenzi aliyekuja kupima, msimfukuze na msimfiche. Kama vipimo vyake vimeingia katika devi, basi hawezi tena kushindana kwa kazi hiyo hiyo, kwa kuwa anajua kilichomo kabla ya wenzake na ameiandika kwa kipimo cha mkono wake. Kama alipima kwa faida yake tu, fundi au mhandisi wa komini apime upya, na siku ya kutembelea kiwanja itangazwe kwa wote. Mwambieni mapema, kwa adabu, ili asije kudai ahadi.

Viwango vinavyoamua kama ni zabuni ya wazi au ni kuomba bei kwa wachache vinawekwa kwa amri ya waziri mkuu, na vimebadilishwa tangu 2010, kama ulivyobadilishwa mwongozo wa taratibu. Chukueni kwa ARMP, mamlaka ya kusimamia mikataba ya umma, au kwa udhibiti wa jimbo maandishi yanayotumika leo, muyabandike ndani ya dosie. Kutumia karatasi ya zamani iliyopigwa fotokopi mara ishirini ni chanzo cha kurudishiwa dosie. Na hata kazi ikiwa ndogo kiasi cha kupita kwa proforma, proforma tatu ziwe za watu watatu kweli. Tatu zenye herufi zile zile, kosa lile lile la tahajia na namba za simu zinazofuatana ni ushahidi dhidi yenu, afadhali msingekuwa nazo.

Daftari la zabuni lina mifano yake rasmi. Tumieni mfano wa kazi za ujenzi, msibuni wenu. Mnachoandika ninyi ni data maalumu, masharti ya ufundi, michoro na devi tupu ya kujazwa bei. Hapo kuna mitego michache. Masharti ya uzoefu yakizidi kazi yenyewe, mfano kudai kazi tano zinazofanana katika miaka mitatu kwa kanivo ya mita 400, yanawafungia nje wajenzi wote wa hapa na yanaonekana yameshonwa kwa mtu mmoja. Kazi moja au mbili za zege zenye ukubwa unaokaribiana zinatosha. Karatasi za kampuni semeni wazi ni zipi: RCCM (usajili wa biashara), kitambulisho cha taifa cha kampuni, namba ya kodi, hati iliyo hai ya DGI (ofisi ya kodi), hati ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii). Andikeni pia ni ipi kati ya hizo inayomtoa mtu ikikosekana na ipi anaweza kuileta baadaye. Sharti lisiloandikwa haliwezi kumwondoa yeyote. Semeni kama bei inajumuisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 au la. Na semeni sarafu. Wafanyabiashara wetu wanahesabu kwa dola hata wakiandika falanga, kwa hiyo taja kwamba ofa zitalinganishwa kwa falanga, kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kongo cha tarehe fulani iliyotajwa. Bila mstari huo, ofa mbili zinazokaribiana zitapinduka kulingana na siku mliyopiga hesabu.

Tangazo liende kwenye njia rasmi za ARMP na magazeti, lakini pia kwenye valivu (mbao za matangazo) za komini zote saba na radio za hapa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Hilo la radio watu wanaliona dogo. Ofa mbili badala ya sita ni tofauti kubwa ya bei kwa makuta ya umma.

Anayeendesha yote haya ni kitengo cha mikataba, CGPMP, chenye sekretarieti yake ya kudumu, tume ya kupitisha mikataba na tume ndogo ya uchambuzi. Katika komini ndogo watu ni wachache, na kishawishi ni kuwatumia wale wale watatu kufungua, kuchambua na kutoa kazi. Msifanye hivyo. Mwanatume mwenye ndugu, shemeji au mshirika kati ya walioomba atoke, na kutoka kwake kuandikwe katika PV (kumbukumbu za kikao) kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa. Mjini kwetu watu wanajuana. Asipotoka yeye, jirani atasema, na atasema kwa ushahidi.

Siku ya kufungua, saa ni saa. Bahasha iliyofika dakika tatu baada ya saa haifunguliwi, inarudishwa ilivyo, hata kama ndiyo ya bei nzuri. Kufungua kunafanyika papo hapo baada ya saa ya mwisho, mbele ya walioomba wanaotaka kuwepo, katika ukumbi na wala si katika ofisi ya burgumestre. Someni kwa sauti jina, bei, punguzo kama lipo, na kama dhamana ya ofa imo. Kila ukurasa wenye bei usainiwe kifupi na wanatume, ili usibadilishwe usiku. PV iandikwe kwa Kifaransa, lakini elezeni kwa Kiswahili kinachosomwa. Mjenzi aliyeelewa kwa nini ameshindwa ni vigumu kumchochea. Siku hiyo hakuna anayetangazwa mshindi wala kuondolewa.

Uchambuzi unaanza na karatasi, halafu ufundi, halafu hesabu. Hesabu zinasahihishwa kwa kanuni iliyomo katika daftari: bei ya kipande kwa maneno inashinda ile ya tarakimu, kisha inazidishwa kwa kiasi. Mfano, mtu ameandika "mia mbili na kumi" kwa maneno na 120 kwa tarakimu kwa mita ya ujazo ya zege. Kwa mita 126, jumla ni 26,460 na si 15,120. Aliyeonekana wa kwanza siku ya kufungua anaweza kuwa wa tatu baada ya masahihisho, na ndiyo sababu hakuna shangwe siku ile.

Ofa ya chini mno isitupwe na isikubaliwe kwa macho. Mwandikieni mjenzi afafanue bei yake. Ninyi wenyewe chukueni bei ya mfuko wa simenti sokoni wiki hiyo, zidisheni kwa 7, ongezeni mchanga mita ya ujazo 0.4 na kokoto mita 0.8. Kama bei yake ya mita moja ya zege haifiki hata gharama ya vifaa hivyo, kuna mawili: hataweka mifuko saba, au ataacha kazi katikati na kudai nyongeza. Maelezo yake yakishindwa, ripoti iseme hivyo kwa namba. Anayepewa kazi ni mwenye ofa inayokidhi masharti yote na yenye gharama ndogo baada ya uchambuzi.

Baada ya udhibiti kutoa maoni yake, matokeo yanatangazwa na walioshindwa wanaandikiwa sababu. Wana haki ya kulalamika kwenu kwanza, kisha ARMP, ndani ya siku chache za kazi zinazotajwa na sheria. Mkisaini kabla siku hizo hazijaisha, lalamiko dogo linaweza kusimamisha kazi nzima. Pia mjenzi asianze hata kuweka mawe kiwanjani kabla ya barua ya kuarifu mkataba. Kazi iliyoanza kabla ya mkataba haina bima wala dhamana, na karatasi za kuihalalisha baadaye zinabeba tarehe zinazowashtaki wenyewe.

Malipo yana hatua nne chini ya sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011: makuta kutengwa kwa ajili ya kazi hiyo, deni kuhakikiwa, amri ya kulipa, na kulipa kwenyewe. Anayetoa amri ni burgumestre. Anayelipa ni mhasibu, mtu mwingine. Hatua ya pili ndiyo yenye mchezo. Deni linahakikiwa kwa vipimo vya kiwanjani vilivyosainiwa na pande zote mbili, siku zege lilipomwagwa, maana sakafu ya sentimita 15 haionekani tena ikifunikwa. Mtu wa komini awe pale na mita mkononi, ahesabu mifuko iliyofunguliwa siku hiyo. Kwa mita 20 za kanivo mnatazamia mifuko 44 hivi ya zege la kuta na sakafu. Ikihesabiwa 30, simamisheni siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Vipande vya majaribio vichukuliwe na kuvunjwa maabara siku ya 28. Gharama yake iwe ndani ya devi tangu mwanzo, la sivyo haitafanyika.

Avansi (malipo ya awali) ya kuanzia isitolewe bila dhamana ya benki inayoifunika yote, na ikatwe kidogo kidogo katika kila malipo. Faini ya kuchelewa iandikwe kwa kipimo, mfano 1 kwa elfu ya mkataba kwa siku, yenye kikomo. Zuieni sehemu ya malipo, kama asilimia 5 hadi 10, mpaka mapokezi ya mwisho. Mapokezi ya muda yakifanyika Septemba katika vumbi, yatawaonesha ukuta mzuri tu. Kwa hiyo kati ya hapo na yale ya mwisho uwepo mwaka mzima, ili kanivo ipite mvua zote za Novemba hadi Aprili. Katika mvua kubwa tatu au nne za mwanzo, tumeni mtu apige picha zenye tarehe mahali pale pale: mwanzoni, katikati, na mwishoni maji yanakoishia. Anachotafuta ni maji yaliyosimama saa mbili baada ya mvua, nyufa kwenye maungio, na udongo ulioliwa nyuma ya kuta. Hayo yaandikwe kwa mjenzi mara moja, kwa sababu mpaka hapo bado mnashika makuta yake na anawajibika kuyarekebisha.